Saa Mbili Kasorobo na Gambuti la Kushoto

Pwani kwetu mtoto wa miaka miwili anavaa kaptula na fulana, na fulana yenyewe ni kwa sababu kuna wageni. Hapa Uingereza, Oktoba ikishaingia, mtoto huyo huyo hatoki mlangoni bila vitu kumi na vitatu mwilini. Hesabu mwenyewe: nepi, fulana ya ndani, fulana ya mikono mirefu, suruali, soksi mbili, sweta, ovaroli ya mvua, magambuti mawili, glavu mbili, kofia. Na bado hujagusa koti. Neseri inafungua saa mbili, treni ya kazini haimngojei mtu, na mheshimiwa amekaa sakafuni na gambuti moja mkononi, anataka kulivaa mwenyewe.

Haya yote yanaletwa na hewa isiyo na msimamo. Saa moja asubuhi nyuzi 6, saa saba mchana nyuzi 15 na jua la kukukonyeza, saa tisa manyunyu yasiyokuwa na hata adabu ya kunyesha yakaisha. Ukimvalisha koti moja zito, saa saba anatoka jasho, saa tisa jasho limepoa anatetemeka, saa kumi na moja simu ya neseri inalia. Ndiyo maana wazoefu wanavalisha tabaka tabaka: ya kwanza imebana mwili, ya pili sweta, ya tatu ya kuzuia maji tu, isiwe na joto lake yenyewe. Sweta liwe la sufu ukiweza. Pamba ikilowa inakaa na maji na baridi yake mpaka jioni. Sufu hata ikilowa bado inajitahidi. Gambuti nalo lisikudanganye kwa unene wake: mpira hauna joto, joto liko kwenye soksi.

Sasa mpangilio, maana hapa ndipo ndoa zinapotikisika. Choo kwanza, kama ameanza kuacha nepi. Hata kama amekwenda sasa hivi, mpeleke tena, kwa sababu zipu ya ovaroli ikishafika kidevuni ndipo kibofu kinapokumbuka wajibu wake. Halafu soksi, suruali, sweta. Halafu ovaroli. Halafu gambuti, na mguu wa ovaroli ushuke NJE ya gambuti, ile lastiki ipite chini ya soli. Wapo wanaochomeka suruali ndani ya gambuti, wakiona ndio unadhifu. Mvua inateremka na mguu wa suruali moja kwa moja hadi kwenye soksi, na mtoto anarudi na madimbwi mawili ya kutembea nayo. Glavu zinakuja kabla ya koti, shingo ya glavu iingie ndani ya mkono wa koti, kwa sababu ile ile: maji hayana akili, yanafuata njia uliyoyafungulia. Kofia mwisho kabisa. Ukiitanguliza, ataivua mara nne kabla hujamaliza mkono wa pili.

Koti lina ufundi wake ambao walimu wa neseri wanaujua na wazazi wengi tunaufichwa. Litandaze sakafuni, upande wa ndani ukitazama juu, kola ikiwa vidoleni mwa mtoto, yaani koti limegeuka kichwa chini kwake. Ainame, aingize mikono yote miwili, ainue juu, alipitishe kichwani lidondoke mgongoni. Limevaliwa. Mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu anaweza, na akishaweza atalivaa hivyo mara sita mfululizo ukiwa umeshika funguo mlangoni.

Kuhusu kushoto na kulia, chukua stika moja ya sura ya mnyama, ikate katikati, nusu bandika ndani ya gambuti la kushoto, nusu la kulia, kwenye unyayo karibu na kisigino. Magambuti yakikaa sawa, twiga anakamilika. Mheshimiwa anamwona twiga, anamfurahia, anamtaja jina, kisha anavaa kinyume. Lakini angalau anajua.

Na usimnunulie kubwa eti "atakua nalo". Najua bei inauma, na najua mguu wa umri huu unapanda saizi mbili kwa mwaka au zaidi. Lakini gambuti likizidi sana, mguu unachomoka na gambuti linabaki kwenye tope, na wewe unasimama katikati ya bustani umebeba mtoto mwenye soksi moja. Mchore unyayo juu ya boksi la nafaka, likate, lisukume ndani ya gambuti mpaka ncha: ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 hivi, basi. Kupima kwa kubonyeza kidole juu ya mpira hakusaidii, maana mtoto anakunja vidole na kukutazama tu.

Umemaliza? Hujamaliza. Kama mnaenda kwa gari, mvue koti. Ndiyo, lile lile. Koti, hasa lililojazwa pamba, linadanganya mikanda ya kiti cha mtoto: unakaza, unaona imebana, kumbe umebana hewa. Gari likigonga, hewa inatoka na mkanda unabaki umelegea mabegani. Afungwe bila koti, mkanda ukae hivi kwamba ukijaribu kuufinya begani vidole vinateleza havipati mkunjo, kisha mfunike blanketi juu. Kwa hiyo dakika kumi na tano za kuvalisha zinavuliwa mlangoni mwa gari, kwenye mvua, ili zirudiwe baada ya dakika nane mlangoni mwa neseri. Nako mwalimu anampokea kwa tabasamu, anamvua kila kitu, na saa nne wanamvalisha tena kwa sababu "tunacheza nje hali yoyote ya hewa". Mimi nawavulia kofia hawa walimu. Watoto kumi na wawili, glavu ishirini na nne.

Ishirini na tatu, samahani. Glavu ya mtoto imeumbwa kupotea moja. Chini ya miaka mitatu nunua zile zisizo na vidole, maana kutafuta kidole gumba kwenye tundu la kidole gumba ni ibada ya watu wenye nafasi. Nunua jozi tatu za rangi moja, ili zinazobaki zioane. Wengine wanaziunga kwa uzi unaopita ndani ya mikono ya koti. Ni jambo jema, ila uliza kwanza, maana si kila neseri inautaka uzi karibu na ngazi na bembea. Na andika jina kwenye kila kitu, mpaka soksi. Ukisahau, koti la bluu la mwanao litakwenda na mwenye koti la bluu mwingine, na atarudishwa kwako akiwa ndani ya la pinki lenye farasi mwenye pembe.

Jioni unakabidhiwa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Usiuache mpaka kesho. Ndani kuna ovaroli, tope, majani yaliyooza, na mfukoni zile kokwa za kahawia zinazong'aa, wanaziita conkers, ambazo watoto wote wa nchi hii wanaziokota chini ya miti mikubwa. Zitoe zote kabla ya kufua, zisije zikaziba pampu ya mashine. Na asizitafune, zinaumiza tumbo, si ndugu wa zile chestnut zinazochomwa na kuuzwa mtaani. Majani yenyewe yanapendeza kwenye picha. Mtoto anarukia rundo, anacheka, simu inarekodi, na chini ya rundo mbwa wa mtu alishapita mapema.

Ovaroli ifue kwa nyuzi 30, bila ile dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaharibu uwezo wa kitambaa kukataa maji. Halafu ianike. Wapi? Nje hakukauki, ndani kuna redieta tatu, vile vyuma vya ukutani vya kupasha nyumba joto. Ukizitandika nguo zote mbichi juu ya redieta na madirisha umefunga, maji hayaendi mbali: yanahamia kwenye kioo cha dirisha, kutoka hapo yanahamia kwenye kona nyuma ya kabati, na Desemba unakutana na kuvu jeusi lenye afya kuliko wewe. Anika chumba kimoja, funga mlango wake, fungua dirisha. Ndiyo, unalipia joto na kulifungulia dirisha. Mimi sikuiumba nchi hii.

Tukija kwenye saa ndipo uchungu unapozidi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa nane usiku inarudishwa kuwa saa saba, na watu wasio na watoto wanashangilia saa moja ya ziada ya kulala. Mtoto hana saa, ana tumbo. Aliyezoea kuamka saa kumi na mbili ataamka saa kumi na moja, macho makavu, akitaka ndizi. Mwaka 1907 mjenzi mmoja wa hapa, William Willett, alitoa kijitabu cha kutaka watu wasogeze saa wapate mwanga zaidi. Wengi wanamlaani, lakini mzee huyu alipendekeza dakika 20 kila Jumapili kwa Jumapili nne, pole pole, kibinadamu. Alifariki 1915, na mwaka uliofuata serikali ikapitisha sheria ya kuruka saa nzima kwa mkupuo. Mwenye mtoto afuate ya Willett: kuanzia Jumatatu inayotangulia Jumapili hiyo ya Oktoba, chakula cha jioni, kuoga na kulala vyote vichelewe dakika 10 kila siku. Vyote, si kulala peke yake. Ukichelewesha kulala huku chakula kikibaki pale pale, unachopata ni mtoto aliyechoka na mwenye njaa, na bado anaamka saa kumi na moja.

Bibi naye anaingia hapa. Kabla ya mabadiliko, Dar na Mombasa wako saa mbili mbele; baada yake, saa tatu. Mnatoka neseri saa kumi na mbili jioni, kule ni saa tatu usiku, bibi yuko kitandani anasubiri simu kwa jicho moja. Mnapiga. Kitu cha kwanza anachokiona si uso wa mjukuu, ni miguu: "Mbona hana soksi? Mnamuua mtoto!" Alikuwa nazo nne. Amezivua. Ukimwambia bibi kwamba chumba cha mtoto hapa kinashauriwa kiwe nyuzi 16 hadi 20, ataita kikao cha ukoo.

Mwisho wa Novemba jua la London linazama kabla ya saa kumi. Magharibi inaingia wakati watu wako kazini na mtoto anacheza gizani, ndiyo maana matone ya vitamini D si pambo: mikrogramu 10 kila siku kwa wenye mwaka mmoja hadi minne, na kwa ngozi zetu nyeusi wanashauri mwaka mzima hata ukubwani.

Kamasi sizielezi, zinajieleza. Mafua manane kwa mwaka wanayaita kawaida kwa umri huu, na kwa mafua tu neseri inampokea. Akitapika au kuhara, anakaa nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu mara ya mwisho, si tangu ya kwanza, na ada kwa kawaida unalipa vile vile. Chanjo ya homa ya mafua kwa wa miaka miwili na mitatu wanapulizia puani, haina sindano, ila ina jelatini ya nguruwe. Asiyeitaka aseme mapema apewe ya sindano, ipo, haina haja ya kugombana na nesi.

Halafu boga. Oktoba yote, kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu yao ya mizimu ya tarehe 31, wanauza maboga mazuri, wanayachonga meno, wanayatia mshumaa, wanayaacha yaoze mlangoni. Mtu aliyekula boga la nazi anapita barabarani ameshika kifua. Ila ukweli usemwe: boga la kuchonga limeoteshwa kwa sura, ni maji na nyuzi. Ukilipika kama la nyumbani, kwa maji, unapata uji. Likate vipande, lioke tanurini nyuzi 200 kwa dakika 40 mpaka kingo zianze kukauka, ndipo ulitie sufuriani na nusu kopo la tui zito, iliki, chumvi kiduchu na sukari, bila tone la maji. Au nunua lile la ngozi ya kijivu-bluu, ghali kidogo, ambalo halihitaji kubembelezwa. Mheshimiwa atalionja, atalitema, ataomba tosti. Mshindilie kijiko cha pili taratibu kabla ya saa moja, kwa sababu fataki za tarehe 5 Novemba, usiku wa kukumbuka njama iliyoshindwa ya kulipua Bunge mwaka 1605, zinaanza wiki nzima kabla, na sheria inaruhusu ziungurume mpaka saa tano usiku, siku yenyewe mpaka saa sita.