Huku wanahesabu dubu

Kila nikipiga simu Nakuru, swali ni moja: umeshaona dubu? Mwaka wa nne huu niko Longyearbyen, visiwa vya Svalbard huko Norwei, na sijamwona hata mmoja. Kazi yangu ni jikoni hotelini, na viazi havimenywi na dubu. Ninaowaona ni kulungu wa barafuni, wafupi, wanene wa manyoya, wanaopita kati ya nyumba kama mbuzi wa jirani.

Januari iliyopita ilinyesha mvua. Si theluji, mvua, na jua lilikuwa halijachomoza tangu mwisho wa Oktoba. Usiku baridi ikarudi na maji yote yakaganda. Nilipotoka zamu nilimkuta kulungu chini ya taa ya barabarani akipiga chini kwa kwato. Theluji laini huichimbua akafikia majani. Safari hii alikuwa anagonga kioo. Ko, ko, ko. Ananusa, anasogea hatua mbili, anaanza tena. Majira kama hayo wengine hufa njaa, wengine hushuka ufukweni kula mwani.

Dubu naye huwavizia sili juu ya barafu ya bahari. Barafu ikipungua anabaki nchi kavu, anamaliza mayai ya ndege. Tangu 1979 ukanda huu wote wa ncha ya kaskazini umepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia.

Nilimsimulia shangazi, akacheka. "Hao wana barafu yao, sisi tuna maji yetu." Sikumlaumu. Alikuwa na nyumba Mwariki. Ziwa Nakuru tulilijua la magadi, kilomita za mraba 40 hivi, ukingo wake wote waridi kwa flamingo. Mvua za tangu 2010 zikalijaza hadi likapita 60, likameza lango kuu la mbuga, kisha likaingia kwake mlangoni. Magadi yalipozimuliwa, mwani ambao flamingo huula ukapungua, wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Flamingo ana mabawa. Shangazi alibeba mabati kwa mkokoteni.

Siwaonei wivu wazungu kwa kumpenda dubu. Kinachoniuma ni daftari. Kulungu wa bonde la Adventdalen, hapa karibu, wamehesabiwa kila mwaka tangu 1979. Dubu jike huvishwa ukosi wa setilaiti (dume hawezi, shingo yake ni nene kuliko kichwa, ukosi unachomoka). Mnyama akikonda huku, kuna mtu ameshampima. Shangazi alikwenda ofisi moja mara tatu na nakala ya hati ya ploti, na mara zote tatu jina lake liliandikwa kwa penseli. Mimi nasema hivi: kama tunataka dunia itusikie kuhusu maji yaliyotufukuza, tuanze kwa kuwaandika watu wetu kwa wino, sisi wenyewe, mtaa kwa mtaa. Mgeni atahesabu ndege tu, ndio waliomleta.

Juzi shangazi kanipigia yeye, jambo la nadra, maana vocha zake ana bajeti nazo. Siku hizi anauza samaki. Tukaongea bei, tukaongea stima, akataka kukata, kisha akauliza:

"Na yule mnyama wako, alikula?"

Nikamwambia kesho yake nilikuta mikwaruzo tu kwenye barafu.