Aliyekufa kwa Jeraha la Vita Amekufa Vitani

Kamati inayokusanya majina ya askari wa mtaa wetu hapa Bombo, Uganda, ili yachongwe kwenye jiwe la kumbukumbu karibu na msikiti, imeliondoa jina la mdogo wake babu yangu. Sababu waliyoitoa ni kwamba hakufa vitani, kwa kuwa alifia nyumbani mwaka 1952, akiwa amekwisha kuvua sare za KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Nimewasikiliza wazee wetu kwa adabu, maana ni wazee wangu, lakini sikubaliani nao hata kidogo, na ninaona jambo hili lisemwe hadharani kabla fundi hajashika patasi.

Alikuwa koplo katika kikosi cha nne cha KAR, kile cha Uganda, kilichokwenda Burma katika Vita Kuu ya Pili pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Waliolelewa na wazee wa vita vile wanazijua habari za Bonde la Kabaw mwaka 1944: mvua isiyokatika, matope yaliyomeza magari, malaria, na Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma huku wakipigana njia nzima hadi Kalewa. Huko ndiko kipande cha kombora kilikomwingia pajani kikavunja mfupa. Madaktari walitoa walichoweza kukitoa, wakamfunga, naye akarudishwa kwao akiwa na medali zake na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Jeraha lile halikupona. Lilikuwa likijifunga juu, watu wakamshukuru Mungu, kisha baada ya miezi kadhaa paja likavimba, homa ikapanda, na ngozi ikapasuka upya ikitoa usaha na vijipande vya mfupa uliokufa. Mjane wake, ambaye sisi wajukuu tulimwita Haboba na ambaye tulimkuta angali hai, alitusimulia kwamba kila alfajiri, kabla hajainjika maji ya chai, aliinjika sufuria ya kuchemshia vitambaa. Alikuwa akichana shuka kuukuu, akizichemsha kwa maji ya chumvi, akizianika juani na kuzikunja jioni tayari kwa kesho yake. Siku moja, alipokuwa akimsafisha, chuma kilijitokeza chenyewe pamoja na usaha, naye akakiosha na kukiweka ndani ya kopo la majani ya chai. Nimekishika kwa mkono wangu. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kimeota kutu, na upande mmoja bado kina makali. Vingine vilibaki ndani, hata usaha ukaingia kwenye damu na mzee akafariki. Kilichomuua mwaka 1952 ni kombora lile lile lililorushwa mwaka 1944, na wala sioni kwa nini miaka minane ya mateso ihesabiwe dhidi yake badala ya kuhesabiwa kwa ajili yake.

Najua kamati haikuitunga kanuni hii. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huwahesabu waliofariki kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, na aliyefariki baada ya hapo hayumo, hata kama jeraha ni la vita. Askari ambaye bado alikuwa kazini mwaka 1946, akafa kwa nimonia au kwa ajali ya lori kambini, anahesabiwa, na hiyo ni haki yake ambayo siwezi kumnyang'anya. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba chombo kinachotunza makaburi ulimwenguni kote hakina budi kuweka ukomo mahali fulani. Lakini jiwe letu ni la mtaa mmoja, ambamo kila jina lina ndugu anayeweza kusimama na kueleza mtu wake aliumizwa wapi na alikufa kwa nini.

Isitoshe, Tume hiyo hiyo ilichapisha ripoti mwaka 2021 ikakiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000 wa enzi ya Vita Kuu ya Kwanza, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi waliokufa kwa njaa na kuhara damu wakibeba risasi za wengine waliachwa nje ya orodha na watu waliokuwa mbali. Sasa sisi, tulio karibu na wafu wetu, tunaazima kipimo cha nani ili tuwaache nje kwa mara ya pili?

Wapo wanaohofu kwamba mlango ukifunguliwa, kila familia italeta jina. Na zilete, kisha wazee wapime.

Linalonisumbua zaidi ni wale walio hai. Tangu Machi 2007 vijana wetu wamekuwa wakienda Somalia, na si wote waliorudi wazima. Wapo walio katika kituo cha majeruhi kule Mubende, na wapo waliokwisha kurudi mitaani wakiwa na vyuma mwilini na majeraha ambayo wake zao wanayafunga usiku huu. Kila tarehe 9 Juni tunasimama na kuwasifu mashujaa. Kijana wa namna hiyo akisikia kwamba mzee wetu ameondolewa kwa sababu alichelewa kufa, ataelewa kwamba naye, akifariki baada ya miaka kumi, atazikwa kama mtu aliyeugua tu.

Kamati inakutana tena Ijumaa baada ya sala. Nitakwenda na cheti chake cha kuachishwa jeshi, na ombi langu ni mstari mmoja tu: jina lake, kikosi chake, na miaka yote miwili, 1944 alipojeruhiwa na 1952 alipofariki. Wenye wazee waliokufa kwa namna hiyo hiyo, ambao wamekuwa wakinyamaza kwa kudhani hawana haki, nawaomba waje na majina yao siku hiyo, kwa sababu jiwe likishachongwa halitafutwa.