Mkono wa baba mdogo

Baba mkwe wangu hacheki ovyo. Miaka kumi na moja niliyokaa na binti yake nimemwona akicheka mara mbili, na hiyo mara ya pili mpiga picha wa harusi ya shemeji alikuwa amesimama mbele yake. Picha ikatoka nzuri ajabu: mzee katikati, kanzu na kofia ya viua, kulia mdogo wake, yaani baba mdogo, kamwekea mkono begani, kushoto keki ya ghorofa tatu. Mama mkwe akaisafishisha kubwa, sentimita 50 kwa 40, akamkabidhi mke wangu aitie fremu. Jumapili mzee angekuja kuichukua.

Fremu ya saizi hiyo mtaani kwetu ni elfu thelathini. Mimi nikasema sitoi elfu thelathini kwa vipande vinne vya mbao. Nikaenda kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, nikarudi na mashine ya laki tatu na nusu.

"Hii ni akiba," nikamwambia mke wangu.

Hakujibu. Alikuwa anaiangalia risiti.

Mwenye duka aliita maita so; mafundi wa mtaani kwetu wanasema mashine ya pembe, na mimi nafuata wao. Ni msumeno wa duara uliofungwa kwenye mkono unaoshuka na kupanda, chini yake meza ndogo inayozunguka kulia na kushoto. Meza ikifika kwenye namba za nyuzi ambazo seremala anazihitaji kila siku, 15, 22.5, 30, 45, inadumbukia kwenye kishimo chake kwa mlio wa "tak" unaokufanya ujione fundi. Bledi inchi 10, wati 1,800, mizunguko kama 5,000 kwa dakika. Ilikuwa ndiyo ya bei ya chini kuliko zote pale dukani.

"Na leza inayo, bosi," muuzaji akasema.

"Leza ya nini?"

"Inakuonyesha unapokata."

Ile leza nimeiona vizuri mara moja tu, saa kumi na mbili na nusu jioni. Karakana yangu ni banda la kuku lisilo na kuku, nusu yake haina paa, na jua la Dar es Salaam la saa sita halishindani na kitaa chekundu kisichozidi punje ya dengu. Kwenye daladala konda aliitazama ile boksi iliyokaa kwenye siti, akaidai nauli. Nikalipa. Mpaka hapo akiba ilikuwa inaendelea vizuri.

Ijumaa jioni nikaiwasha. Tumepanga nyumba moja familia tatu, mita ya Luku moja. Hesabu nilishapiga: wati 1,800 kwa volti 230 ni kama ampea nane, soketi inabeba 13, hakuna shida. Nilichokisahau ni kwamba mota ikiamka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishachangamka, na mimi nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni ya mita ishirini, waya mwembamba kama tambi, ambao maisha yake yote ulikuwa umebeba feni na chaji za simu. Ndani friji linaunguruma, birika liko kazini, na chumba cha mbele jirani amealika watu kuangalia Simba na Yanga.

Nikabonyeza. Mashine ikasema "ngwi", nyumba nzima ikazima.

"Nani kakata?" sauti ikatoka chumba cha mbele, na nyuma yake sauti nyingine kumi.

"Bado sijakata!" nikajibu.

Jibu hilo limenigharimu salamu za asubuhi mpaka leo. Umeme uliporudi goli lilikuwa limeshaingia, na la nani sitaji, maana majirani wote wawili wanasoma.

Jumamosi nikachomoa friji na birika, nikaiburuza mashine hadi karibu na dirisha, nikaichomeka moja kwa moja. Ikalia kama simba halisi. Lakini kabla ya kukata nikataka niikague kisayansi. Vitu vya bei rahisi lazima uvikague, kila mtu anajua. Nikaenda kwenye begi la binti yangu wa darasa la sita, nikatoa mkebe wa hesabu, nikachukua ile pembetatu ya plastiki yenye kona ya nyuzi 90. Nikachomoa plagi (hilo nililifanya, mnisifu), nikaishusha bledi, nikaegemeza pembetatu: upande mmoja kwenye bledi, upande mwingine kwenye kile kizuizi cha chuma cha nyuma ambacho mbao huegemezwa.

Pakawa na mwanya. Upande mmoja imegusa, upande mwingine mwanga unapita.

Furaha niliyoipata sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimewakamata! Nikawaita mke na watoto waje waone jinsi wafanyabiashara wanavyotuuzia vitu vilivyopinda. Nikachukua kile kiufunguo cha pembe sita kilichokuja na mashine, nikalegeza bolti za kizuizi, nikakisogeza kikakaa sawa na pembetatu, nikakaza. Mwanga haupiti tena. Nikajipigia makofi moyoni.

Mbao zangu zilikuwa mabaki ya mninga niliyopewa na fundi mmoja wa Keko, bapa, upana sentimita tano. Mninga ni mbao ya watu, ina rangi ya chai ya maziwa na haisumbui msumeno. Nikawaza kwa akili zangu: kuzungusha meza kulia, kisha kushoto, kisha kulia, ni kupoteza muda. Nikaiweka 45 kushoto, nikaiacha hapo hapo, nikawa nageuza ubao juu chini kila mwisho. Vipande vinne, miisho minane. Nikavipanga chini.

Kona tatu zikafunga. Ya nne ikaacha mdomo wazi kama mtoto anayesubiri uji.

Ndipo nikaanza kurekebisha, na neno hilo tangu siku ile silipendi. Kila raundi ninapunguza mwisho huu kidogo, kisha ule, kisha vile viwili vya pembeni vilingane na hivi, na kila raundi fremu inapoteza sentimita mbili huku na sentimita mbili huku. Mdomo haufungi, unahama tu: ukiuziba kaskazini unafunguka kusini. Vile vipande vyembamba ninavyovipunguza vinanaswa na meno ya bledi na kurushwa kama kwa manati. Kimoja kiligonga bati la jirani, yule yule wa mpira. Mfuko wa vumbi una ukubwa wa soksi na unakamata nusu, labda. Nusu nyingine ilikwenda na upepo hadi kwenye ungo wa mama mwenye nyumba, aliyekuwa anachambua mchele kibarazani.

"Baba," akaniita, mtaratibu kabisa, "leo pilau nisitie mdalasini, siyo?"

Raundi ya nne nikasema imetosha. Fremu ilikuwa 42 kwa 32. Nikachanganya gundi na vumbi la mninga, nikauziba mdomo, ukawa hauonekani ukisimama mbali. Picha sasa imekuwa kubwa kuliko fremu, lakini keki ni ya nini kwenye picha ya mzee mwenye sukari? Nikachukua mkasi, keki ikaenda, na kipande cha juu na cha chini.

Saa nane mchana gundi ikaachia. "Pwa."

Raundi ya tano, ya sita, ya saba. Mke wangu alikuwa ameshakwenda zamu hospitali, hakuwapo wa kunishika mkono. Raundi ya tisa fremu ikawa 32 kwa 22, na kwenye 32 kwa 22 wazee wawili wa heshima hawaenei. Niliwaangalia muda mrefu. Mmoja alikuwa baba mkwe.

Baba mdogo akatoka.

Nilikuwa nimeshaandika ujumbe mkali wa kumtumia muuzaji, umebaki kutumwa tu, mzee seremala wa mtaa wa pili alipochungulia uani. Huyu tunamwita Fundi, basi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Nasikia mlio tangu asubuhi, nikajua umepata tenda ya madawati ya shule."

"Fremu moja, Fundi. Mashine mbovu."

Hakuigusa mashine. Aliuliza nimeipima na nini, nikamwonyesha pembetatu. Akaitazama kama daktari anavyotazama dawa ya kienyeji. Kisha akachukua ubao wenye ukingo ulionyooka, akaegemeza pembetatu ukingoni, akatoa penseli sikioni na kuchora mstari. Akaigeuza pembetatu upande wa pili, akaileta kwenye nukta ile ile, akachora tena. Mistari miwili ilianza pamoja na juu ikaachana kwa kama milimita tatu.

"Skwea nzima ukiigeuza, mstari unarudi juu ya mwenzake," akasema. "Hii inapanua miguu. Nusu ya huo mwanya ndiyo uongo wake."

Nikamwita binti yangu. Akaja, akaiona pembetatu mkononi mwa Fundi, akaanza kuangalia chini.

"Nilikuwa nanyooshea marinda ya sketi," akasema. "Naibana hapa, halafu napitisha pasi."

Fundi akatazama vipande na vumbi vilivyonifika kwenye vifundo vya miguu. "Maranda yote haya," akasema, "kwa sababu ya marinda."

Mashine ilitoka kiwandani ikiwa sawasawa. Niliipinda mimi. Na hata ikiwa imepinda vile, Fundi akaniambia, kama ningekata mwisho mmoja kushoto na mwenzake kulia, kona ingefika 90 tu, kwa sababu kinachozidi huku kinapungua kule. Mimi kwa kuacha meza upande mmoja nilihakikisha makosa yote yanaelekea kwa mmoja: nyuzi moja kila mwisho, miisho minane, nyuzi nane, zote zimelundikana kwenye kona ya nne. Akaniuliza pia kwa nini vipande vinavyotazamana nilivipima kwa tepu kila kimoja peke yake badala ya kuvikata kwa kuvilaza pamoja. Sikuwa na jibu hapo.

Akatuma mtoto nyumbani kwake kuchukua skwea ya chuma. Akakirudisha kizuizi mahali pake, akajaribu kwenye ubao mmoja chakavu, akautazama dhidi ya mwanga. "Kwa laki tatu na nusu hawajakudhulumu," akasema. "Meno ndiyo machache, 24, yanararua. Tafuta bledi ya meno 60. Uangalie na tundu la katikati lilingane na hili, usije ukauziwa kubwa ikacheza." Kisha akakwaruza pembeni kabisa mwa vile vipande vyangu, milimita mbili tatu tu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, akisubiri bledi isimame kabisa kila mara kabla ya kuunyanyua mkono. Dakika kumi. Wembe haupiti kwenye kona. Nikamuuliza nimlipe nini, akasema nimpe ile pembetatu akawaonyeshe vijana wake.

Mke wangu aliporudi aliisifu fremu sana. Kisha akainama.

"Baba mdogo yuko wapi?"

"Kwani Jumapili anakuja?"

"Anakuja baba peke yake."

"Basi."

Jumapili saa tano teksi ikasimama, akashuka baba mkwe, akashuka mama mkwe, na mlango wa nyuma ukafunguka tena, akashuka baba mdogo na mkungu wa ndizi kutoka shamba. Shikamoo, marahaba, karibuni, vinywaji, picha ikaletwa. Baba mkwe akaishika mbali kidogo na macho, akapitisha kidole kwenye kona moja moja. "Kazi safi," akasema, na nyinyi mnajua huyu si mtu wa kusema hivyo. Akampa mdogo wake.

Baba mdogo akaitazama kwa muda. Kwenye bega la kaka yake, kutoka ukingoni mwa fremu, ulitokeza mkono mmoja tu, vidole vinne na saa ya mnyororo wa fedha.

"Na huu mkono," akauliza taratibu, "ni wa nani?"

Sebule ikawa kimya. Alinyanyua mkono wake mwenyewe, akaitazama saa yake, akairudia picha, akaitazama tena saa.

Nikasema samahani kidogo wazee, naenda kuwapa kuku chakula. Kuku hatuna tangu mwaka juzi.