Sauti Inayotii Kidole Changu

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye kwa heshima ya mama yake simtaji jina, amekwisha kuwasambazia kipande cha video chenye maelezo kwamba "fundi ameuchoma ukumbi", nimeona ni vyema niwaeleze mwenyewe yaliyonipata juzi kwenye maonyesho, maana ukumbi haukuungua hata kidogo. Kilichoungua ni potenshomita moja, kile kipande cha kuzungusha cha kupunguza na kuongeza sauti, pamoja na jina langu.

Kisanduku changu cha kuchezesha sauti mnakijua, nimewachosha nacho vya kutosha: ndani mna bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa, moduli ndogo ya kuchezesha sauti iitwayo DFPlayer Mini na spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme), na upande wa mbele kuna kitufe cha kuzungusha kilichopachikwa kwenye potenshomita ya omu 10,000. Wale walioniuliza kwa nini sikuiunga spika moja kwa moja kwenye pini ya bodi, jibu ni hesabu tu: volti 5 ukizigawa kwa omu 8 unapata zaidi ya miliampea 600, ilhali pini ya Uno haitakiwi kuvuka miliampea 40. Kwa hiyo kazi ya nguvu hufanywa na amplifaya iliyomo ndani ya moduli, na bodi hubaki kutoa amri. Potenshomita nayo ina miguu mitatu. Ile miwili ya pembeni hupewa volti 5 na graundi (upande hasi wa umeme), wa kati hupelekwa kwenye pini A0, bodi huisoma volti yake kama namba kati ya 0 na 1023, kisha programu yangu huishusha namba hiyo iangukie kati ya 0 na 30, ambavyo ndivyo viwango vya sauti vinavyoeleweka na moduli.

Mezani kilifanya kazi bila kinyongo. Usiku wa kuamkia maonyesho ndipo nilipoamua kuhamishia kila kitu ndani ya kisanduku na kulehemu waya upya, huku usingizi umenikaba. Nyekundu ilikuwa ya volti 5, nyeusi ya graundi, nyeupe ya kupeleka ishara. Na kwa sababu ambazo mpaka sasa siwezi kuzieleza mbele ya watu wazima, niliiona ile nyekundu inastahili kukaa katikati kama bwana harusi, nikailehemu hapo, nyeupe ikachukua nafasi yake pembeni, nikakaza skrubu za mfuniko, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. (Wewe unayeandaa swali la "kwani hukupima umeme kwa mita?", tafadhali liweke.)

Kwa wasioona ubaya uko wapi: nyekundu ikikaa kwenye mguu wa kati, pini A0 haivuti umeme wa kutajika, hivyo husoma volti 5 daima, yaani 1023, yaani sauti 30, hata uzungushe mpaka mkono uteguke. Wakati huohuo, kadiri unavyokizungusha kitufe upande wa kupunguza, ndivyo volti 5 zinavyosogezwa karibu na graundi, hadi mwisho wa mzunguko ambapo zinakutana ana kwa ana. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimetengeneza swichi ya kupiga shoti, nikaiandikia "SAUTI" kwa kalamu ya fedha.

Lililonimaliza zaidi ni faili la kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu. Badala ya wimbo, nilikuwa nimejirekodi, kwa sauti nzito ya mtangazaji wa taarifa ya habari, nikisema: "Mabibi na mabwana, mnachokisikia ni sauti inayotii kidole changu."

Basi nikachomeka chaja ya ampea 2 moja kwa moja kwenye pini ya volti 5, nikiukwepa mlango wa USB na fyuzi yake ambayo hukata umeme ukizidi miliampea 500. "Mabibi na mabwana!" Safu ya mbele yote iliruka. Nikatabasamu kama mtu aliyepanga iwe hivyo, nikakishika kitufe kwa vidole viwili, nikaanza kupunguza. Robo ya mzunguko: sauti haikushuka. Nusu: sauti ileile, ikiwatangazia watu kwamba inanitii. Robo tatu: nikaanza kuwatazama watazamaji machoni, mmoja mmoja, kwa matumaini kwamba labda masikio yangu ndiyo mabovu. Nikaendelea mpaka kitufe kikagota.

Kimya.

Wakapiga makofi, jamani! Chaja ilikuwa imezidiwa, volti zimeanguka, bodi imezimika kabisa. Lakini wao waliona fundi aliyeshusha sauti mpaka sifuri kwa ustadi, nami, Mungu anisamehe, niliinamisha kichwa kupokea sifa hizo.

Kisha nikarudisha kitufe nyuma kidogo, upana wa unywele tu, ili nionyeshe sauti inavyopanda taratibu. Hapo shoti ikalegea kiasi cha kuiruhusu bodi izinduke na kuanza upya tangu mwanzo, "MABIBI NA MABWANA", kwa sauti 30, na wakati huohuo umeme wote uliokuwa ukipita kwenye potenshomita ukalazimika kupenya kwenye kipande cha kaboni kisichozidi ncha ya penseli. Nikahisi uvuguvugu kwenye vidole. Nikasikia harufu. Halafu nikauona uzi mwembamba wa moshi ukitoka pembeni mwa kitufe, ukipanda polepole mbele ya pua yangu, huku mimi mwingine ndani ya kisanduku nikiendelea kutamba kuhusu utiifu. Kwa hofu nikapunguza: kimya. Nikaongeza: "Mabibi na mabwana!" Nikapunguza. Nikaongeza. Video mliyoiona inaanzia hapo, na ndiyo maana inaonekana kana kwamba nawasalimia watu mfululizo huku nikifuka moshi.

Mzee mmoja wa safu ya nyuma alisimama, akaja, akachomoa chaja ukutani, akarudi kuketi bila kusema neno. Yaliyofuata ni mafupi: dirisha lilifunguliwa, niliambiwa pole, bodi ilikutwa nzima na moduli pia.

Jana nimeweka potenshomita mpya na waya ziko mahali pake. Safari hii nimepima. Ila kwa haraka yangu nilichukua yenye herufi A, ambayo kwenye nyingi za siku hizi humaanisha kwamba ukinzani wake haupandi kwa usawa, hivyo nikifika nusu ya mzunguko sauti bado iko kwenye 3 au 4, na sehemu ya mwisho inaruka ghafla mpaka 30. Ya herufi B, inayopanda kwa usawa, nitaitafuta wiki hii. Rafiki yangu hajui bado, na nyinyi tafadhali msimwambie, kwa sababu ameahidi kuja kukijaribu yeye mwenyewe, na amesema atakizungusha mpaka mwisho.