Siku Mtakatifu Patrick Alipokimbizwa na Nyoka

Jina langu ni Patrick, na nililipata kutoka Ayalandi kabla sijajua Ayalandi iko upande gani wa dunia. Kwetu Kitui, tangu miaka ya 1950, parokia zilikuwa mikononi mwa mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick, lile lililoanzishwa Kiltegan, Ayalandi, tarehe 17 Machi 1932. Hao mapadre walibatiza kwa bidii na hawakuwa wabunifu wa majina. Ukiita "Patrick!" sokoni kwetu siku ya gulio, biashara inasimama.

Basi nilipopata kazi ya uuguzi katika nyumba ya kulelea wazee huko Kaunti ya Mayo, magharibi kabisa ambako upepo wa Atlantiki hauna adabu, jina lilikuwa limeshanifungulia milango. Wazee walinipokea kama mpwa aliyechelewa kurudi. Mmoja wao, fundi seremala wa zamani, ndiye aliyenifundisha kuhusu tarehe 17 Machi, Siku ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi. Alisema ujanani mwake ilikuwa siku ya misa na huzuni, kwa sababu sheria ilifunga baa zote siku hiyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dublin nzima kinywaji kilipatikana kwenye maonyesho ya mbwa tu. "Hujawahi kuona watu wanaopenda mbwa kama sisi," akasema, na hakucheka hata kidogo.

Mama alikuwa na swali moja tu kila nikimpigia simu: huko kuna nini cha kuuma? Nikamhakikishia kwamba hakuna. Ayalandi haina nyoka porini. Wenyeji husema Mtakatifu Patrick alifunga siku 40 juu ya mlima wa Croagh Patrick, tena huko huko Mayo, akawafukuza wote wakatumbukia baharini. Wataalamu husema ni barafu ya kale: ilipoyeyuka, bahari ikakizunguka kisiwa kabla nyoka hawajavuka. Mimi sikujali nani kasema kweli, mradi hawapo.

Mwezi Februari, mwenyekiti wa kamati ya gwaride la siku hiyo, mama mmoja mwenye duka la nyama, akanijia zamu ikiisha. Mzee anayevaa utakatifu kila mwaka amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Wanahitaji Patrick mwingine.

"Mama, mimi ni Mkenya," nikamwambia.

"Na yeye alikuwa Mwayalandi?" akanijibu.

Hapo alinishika. Patrick mwenyewe alitoka Uingereza ya enzi za Warumi. Maharamia walimteka akiwa na miaka 16, wakamleta Ayalandi kuchunga mifugo, akachunga miaka sita kabla ya kutoroka, kisha akarudi kuhubiri. Hata gwaride si la hapo: Waayalandi walioko New York walikuwa wakiandamana tangu 1762, na serikali ya Dublin ikaanza la kwake mwaka 1931. Mtakatifu wa kuja, gwaride la kuja, kwa nini mimi nibaki nyumbani? Nikakubali.

Siku ikafika. Asubuhi tulikwenda misa, padre akabariki shamrock, yale majani madogo ya pande tatu ambayo ni nembo ya Ayalandi, kila mtu akajibandika kifuani. Kisha nikavishwa nyuma ya duka la nyama: joho la kijani, kofia ndefu ya askofu iliyotengenezwa kwa kadibodi, fimbo ya kichungaji niliyoonywa kwamba ni mali ya kanisa isikwaruzwe, na ndevu za sufu halisi. Kwa harufu, kondoo mwenyewe alikuwa bado yumo ndani.

Nikapandishwa kwenye trela linalovutwa na trekta. Mbele yangu bendi ya zumari, mbele yao wasichana wa densi ya Kiayalandi wenye mawigi ya mawimbi, wale wachezao kwa miguu peke yake huku mikono imebanwa ubavuni. Nyuma yangu kulikuwa na joka la kitambaa, na chini yake watoto wa shule ya msingi na viatu vyao vya mvua. Kazi yangu ilikuwa kugeuka kila baada ya muda na kulikemea. Nililikemea mbele ya posta, likarudi nyuma likicheka. Nikalikemea mbele ya kanisa, likaanguka. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa ubavu, lakini utamu wa madaraka ulikuwa umenipanda kichwani. Nilikuwa nikibariki hata magari yaliyoegeshwa.

Mbele ya jukwaa la mshereheshaji trekta likasimama, kama tulivyopanga. Kijana mmoja mwenye wigi jekundu akatoka kwenye umati akanisogelea akitabasamu. Shingoni alikuwa na skafu nzuri, ya kahawia na madoa ya manjano. Nikanyosha mkono nimbariki.

Skafu ikatoa ulimi.

Nieleweke vizuri. Kitui kuna kifutu na kuna koboko, na miguu ya mtoto wa kwetu haingoji amri ya kichwa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sijawahi kuumwa, na ule haukuwa ung'ongo. Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba kufuga nyoka nyumbani Ayalandi ni halali, na kwamba yule ni chatu mdogo wa kutoka Afrika Magharibi, mpole, halinganishwi na chatu wa kwetu. Wakati ule nilisikia maneno mawili tu ya kijana, akimwinua karibu na magoti yangu: "Mwafrika mwenzako!"

Nilishuka upande wa pili wa trela bila kutumia ngazi. Kofia ikachukuliwa na upepo kuelekea Marekani. Ndevu zikazunguka zikawa kisogoni, kwa hiyo kwa waliokuwa nyuma nilionekana kama mtakatifu anayekimbia kinyumenyume. Fimbo sikuiachia, maana mali ya kanisa ni mali ya kanisa. Nikapasua katikati ya bendi. Nao, wakidhani ni sehemu ya mpango, wakaongeza kasi ya wimbo. Nikawapita wasichana wa densi, na hakuna aliyeinua hata mkono mmoja kunisaidia. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, baada ya miaka 1,500, nyoka wamelipiza kisasi!"

Kilichoniharibia zaidi ni ujuzi wao wa riadha. Waayalandi wanajua kwamba Bruda Colm O'Connell, mwenzao, alikwenda Iten mwaka 1976 kufundisha katika shule iitwayo, kwa kweli, Mtakatifu Patrick, na kwamba ndiye aliyemnoa David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Mkenya akikimbia mbele yao, jina ni moja. Mtaa mzima ukalipuka: "Rudisha! Rudisha!"

Hebu jiweke katika masikio yangu. Nyuma kuna nyoka, na halaiki ya watu inaamuru nirudishwe. Nikaongeza mwendo.

Nilisimama kwenye kituo cha mafuta nje ya mji, nyuma ya magunia ya mboji ya kuwashia moto. Dada wa kaunta alinitazama toka juu hadi chini: joho, fimbo, ndevu kisogoni. "Chai, Baba Askofu?" akauliza. Nikanywa mbili.

Chai ya kwanza haijapoa, video ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba akataka kujua kama mshahara wa uaskofu unalipwa kando. Mama hakuandika kitu. Alituma sauti ya kicheko chake, ndefu, akakata, akatuma nyingine.

Jioni mwenyekiti akanifuata na gari lake. Tuzo ya burudani bora ilikuwa imeshatolewa, akasema, na ilikwenda kwa nyoka, kwa kuwa mwenzake hakuwepo kupokea. Halafu akanyamaza kidogo, akapangusa kioo kwa kiganja, akasema kamati imekaa dakika tano na kwa kauli moja inaniomba tena mwakani. Chatu ameshakubali.

Nikamwambia nitafikiria, kwa sharti kwamba chini ya joho nivae raba. Akafungua daftari la kumbukumbu za kikao, palepale kwenye usukani, akaandika, kisha akaniuliza saizi ya mguu.