Rula Ndani ya Picha Haitoshi

Programu za simu za kupima vitu kwa picha zimezagaa. Weka kadi ya benki kando ya kitu, piga picha, gusa ncha mbili, usome sentimita. Wanaozipigia debe wana hoja: kadi hiyo ina urefu wa milimita 85.6 popote duniani, kwa hiyo ikichukua pikseli 856 (vile vinukta vinavyounda picha), kila pikseli ni sehemu ya kumi ya milimita. Yaliyobaki ni kuzidisha na kugawanya. Mafundi wengi hawataki hata kusikia. Kwao picha ni ya kutazama, kipimo ni futikamba.

Naona pande zote mbili zinagombania kifaa, ilhali kinachoharibu kipimo mara nyingi ni umbali.

Chukua boksi lenye urefu wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 10. Liweke mezani, kadi ikiwa pembeni yake, kisha upige picha kutoka juu, lenzi ikiwa nusu mita kutoka mezani. Kadi iko sentimita 50 kutoka kwenye lenzi. Uso wa juu wa boksi uko sentimita 40. Kilicho karibu huonekana kikubwa zaidi, na hapa kinazidi kwa robo nzima: utasomewa sentimita 25. Hesabu ya programu haina kosa, ila kadi imewekwa mahali pasipo pake. Iweke juu ya boksi na tatizo hilo linakwisha. Ukishindwa, panda juu hadi mita 2, na boksi litasomeka sentimita 21. (Kukuza picha kwa vidole ukiwa palepale hakusaidii kitu.) Kosa la sentimita moja si neno kama unataka tu kujua boksi litaenea rafuni. Kwa anayekata kioo cha dirisha, ni kioo cha kutupa.

Mshazari una nafuu kidogo. Kamera ikiinama nyuzi 10, upande ulioinamiwa hupungua kwa takriban asilimia 1.5, ikifika nyuzi 30, ni asilimia 13. Lakini pembe nne za karatasi ya A4 zikionekana, kompyuta inaweza kuinyoosha picha, mradi unachopima kimelala bapa sawa na karatasi hiyo. Wachunguzi wa jinai nao hutumia rula yenye umbo la L iliyochorwa miduara: miduara ikionekana kama yai, wanajua kamera haikutazama moja kwa moja.

Hata hivyo, futikamba nayo ina pake pa kushindwa. Mwaka 1858, msanifu majengo Albrecht Meydenbauer alinusurika kuanguka alipokuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar, Ujerumani, na hapo ndipo alipoanza kufikiria kuyapima majengo kwa picha. Nyangumi pia hakubali kunyooshewa utepe; watafiti humwelekezea miale miwili ya leza iliyo sambamba, yenye nafasi inayojulikana kati yake, na zile nukta mbili mwilini mwake zinakuwa rula. Tofauti na kadi iliyoachwa mezani, nukta hizo zimekaa juu ya kitu chenyewe.

Kidonda kinachozunguka mguu ni kesi ngumu zaidi. Rula ikae vizuri namna gani, picha moja huona ngozi iliyopinda kana kwamba ni bapa, na kidonda hutoka kidogo kuliko kilivyo. Hapo zinahitajika picha kadhaa kutoka pande tofauti, au utepe laini unaofuata mkunjo wa mguu.

Kinachoniudhi kwenye programu hizi ni desimali. Ukingo wa kitu kwenye picha huwa na ukungu wa pikseli kadhaa, kidole kinachogusa skrini hakilengi kama sindano, na lenzi pana ya simu hupinda mistari iliyo pembezoni, lakini jibu linakuja 20.73 bila haya. Ingeandika "kati ya 20 na 21.5" ningeiamini zaidi, na yule wa kioo angejua mapema kwamba inabidi akachukue futikamba.