London Knights baada ya ubingwa: vipaji vya drafti vitawarudisha kileleni?

Juni 1, 2025, mjini Rimouski, Quebec, London Knights, timu ya mji wa London ulioko jimbo la Ontario, Kanada, waliwafunga Medicine Hat Tigers 4-1 na kutwaa Memorial Cup, kombe kubwa kuliko yote katika hoki ya barafuni ya vijana nchini Kanada. Lilikuwa la tatu kwao, baada ya yale ya 2005 na 2016. Katika ligi ya Ontario, OHL, walikuwa wameshinda michezo 55 kati ya 68, kisha wakavuka raundi nne za mtoano kwa kushinda mara 16 na kufungwa mara moja tu. Ninapoandika haya msimu wa 2025-26 umeanza, na mashabiki wa hoki ya vijana wamegawanyika. Wapo wanaoamini hazina ya vipaji waliyobaki nayo Knights inatosha kuwapa kombe jingine, na wapo wanaosema zama zao zimefungwa pale Rimouski. Kila upande una hoja nzito. Mimi naona pande zote mbili zinaangalia orodha ya majina na kusahau jambo moja: mchezaji aliyechaguliwa atarudi lini, na atarudi kwa muda gani.

Kwanza tueleze mfumo wenyewe, kwa sababu haufanani na akademi za soka tulizozizoea. Kijana anayekulia Arsenal ni mali ya Arsenal. Kijana wa Knights si mali ya klabu yoyote kubwa. Kanada ina ligi tatu za vijana wa miaka 16 hadi 20, ya Ontario, ya Quebec na ya magharibi, na kila Juni vilabu 32 vya NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani na Kanada, hukaa na kuchagua kwa zamu vijana wanaofikia miaka 18. Huko ndiko kunaitwa drafti: raundi saba, majina 224. Klabu ikishamchagua kijana inapata haki ya kumsajili, lakini wengi hawaingii NHL mwaka huohuo. Wanarudi kwenye timu zao za vijana. Na hapa kuna sheria yenye uzito kuliko inavyoonekana: kijana aliyechaguliwa kutoka ligi hizi, akiwa bado hajafika miaka 20, hawezi kupelekwa AHL, ligi ya pili ya kulipwa. Ama acheze NHL, ama arudi kwa vijana.

Wenye matumaini wanaanza na uongozi. Ndugu wawili, Dale na Mark Hunter, waliinunua timu mwaka 2000. Dale ndiye kocha, Mark ndiye meneja mkuu. Chini yao Knights wamekuwa kiwanda cha NHL: Corey Perry, Patrick Kane, Bo Horvat, Mitch Marner, Matthew Tkachuk, Evan Bouchard. Kikosi cha 2025 kilikuwa na vijana waliokwisha kuchaguliwa na vilabu vya NHL: Easton Cowan wa Toronto, Sam Dickinson na Kasper Halttunen wa San Jose, Oliver Bonk na Denver Barkey wa Philadelphia, na wengine nyuma yao. Na bomba halijakauka. Drafti ya Juni 2025 beki Henry Brzustewicz alichukuliwa na Los Angeles Kings nafasi ya 31, naye kipa Aleksei Medvedev akachukuliwa na Vancouver nafasi ya 47. Wote wawili wamerudi London. Sam O'Reilly, chaguo la 32 la mwaka 2024, aliyehamishwa na Edmonton kwenda Tampa Bay mwezi Julai, naye amerudi. Beki wa daraja la kwanza, kipa wa raundi ya pili na mshambuliaji anayecheza pande zote mbili za uwanja: timu nyingi za OHL zingefurahi kupata mmoja kati ya hao watatu.

Upande wa pili unajibu kwa kuhesabu walioondoka. Cowan, Bonk, Barkey na Halttunen wamefikisha miaka 20 mwaka huu na njia ya kulipwa imefunguka mbele yao. Dickinson ana miaka 19, lakini San Jose wamembakiza NHL. Huyu peke yake ni pengo la kutisha: msimu uliopita alipata pointi 91 katika michezo 55, naye ni beki. Beki anayefunga na kutengeneza mabao kwa kiwango hicho huwezi kumpata sokoni hata ukiwa na chaguo zote za miaka mitatu za drafti ya OHL yenyewe, ile ambayo timu za vijana huchagulia wachezaji wao wapya. Wanaosema timu hii haiwezi kuwa ile ya Juni wanasema kweli, na sidhani kama hata Mark Hunter angewabishia.

Lakini hoja yao inakwenda mbali zaidi. Wanasema timu ya vijana inahitaji nyota wa juu kabisa wa drafti ili kushinda, na London ya leo haina kijana wa kuchaguliwa wa kwanza au wa pili. Hapa siwafuati.

Tazama historia ya Knights wenyewe. Wachezaji watatu wametoka London wakiwa chaguo la kwanza katika drafti ya NHL: Rick Nash mwaka 2002, Kane mwaka 2007 na John Tavares mwaka 2009. Hakuna hata mmoja aliyeshinda Memorial Cup akiwa na jezi ya London. Sidney Crosby, chaguo la kwanza la 2005, alifika fainali ya mwaka huo na Rimouski Océanic, na London wakamfunga 4-0. Connor McDavid, chaguo la kwanza la 2015, aliondoka Erie, timu nyingine ya OHL, bila kombe hilo. Gavin McKenna, anayetajwa sana kwa drafti ya 2026, ndiye aliyekuwa upande wa Medicine Hat siku ile ya 4-1.

Ni haki kutaja mifano inayopinga. Taylor Hall alishinda Memorial Cup mbili mfululizo na Windsor, 2009 na 2010, kisha akachaguliwa wa kwanza. Mwaka 2013 Halifax walichukua kombe wakiwa na Nathan MacKinnon na Jonathan Drouin, chaguo la kwanza na la tatu la drafti iliyofuata. (Wapenzi wa hoki wa Nairobi wanamkumbuka MacKinnon kwa sababu nyingine: mwaka 2018 yeye na Crosby walicheza pamoja na Kenya Ice Lions, timu inayofanyia mazoezi katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, pale ilipopelekwa Kanada kucheza.) Kwa hiyo nyota wa juu anaweza kukupa kombe. Tatizo ni kwamba anakupa nafasi moja au mbili tu, kisha anakwenda. Chaguo la kwanza au la pili huingia NHL akiwa na miaka 18 na mara nyingi harudi. Timu ya vijana inampoteza pale tu anapoanza kuwa mwanaume.

Chaguo la 28 ni habari nyingine kabisa. Perry alichaguliwa nafasi hiyo mwaka 2003, akarudi London misimu miwili, na wa pili uliishia na kombe la 2005. Cowan alichaguliwa nafasi hiyohiyo mwaka 2023, akarudi London misimu miwili, akacheza fainali mbili za Memorial Cup, na ya pili akaondoka nayo pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Bonk alikuwa wa 22, O'Reilly wa 32, Brzustewicz wa 31. Hawa ni wazuri kiasi cha kuitawala ligi ya vijana, lakini bado hawajakomaa kiasi cha kubakizwa NHL. Mpaka juzi, kwa miaka miwili hawakuwa na pa kwenda isipokuwa London. Ubingwa wa Knights umejengwa juu ya watu wa aina hii, na ndiyo maana nikisikia mtu anaidharau hazina yao ya leo kwa kuwa haina jina la kurasa za mbele, nadhani anapima kitu kisichohusika.

Hata Marner, chaguo la nne la 2015, anathibitisha hili kwa njia yake. Toronto wangeweza kumbakiza. Walimrudisha, na mwaka 2016 akawa mchezaji bora wa Memorial Cup, Tkachuk akifunga bao la ushindi wa 3-2 dhidi ya Rouyn-Noranda katika muda wa nyongeza. Kombe lile lilianza siku Toronto walipoamua kusubiri. Wiki chache baadaye Vancouver walimchukua Olli Juolevi wa kikosi kilekile nafasi ya tano, mbele ya Tkachuk aliyekwenda Calgary nafasi ya sita. Juolevi hakudumu NHL, Tkachuk ni bingwa wa Stanley Cup, kombe la NHL. Nafasi ya kuchaguliwa ni makisio ya watu wazima juu ya mwili na akili ya kijana wa miaka 17. Tuwe waangalifu tunapoigeuza kuwa ahadi.

Sasa hofu yangu halisi, ambayo wenye matumaini wanaipita haraka mno. Makubaliano mapya kati ya NHL na chama cha wachezaji, yaliyofikiwa katikati ya 2025, yataanza kutumika Septemba 2026, na yanalenga kuruhusu kila klabu ya NHL kumpeleka AHL mchezaji mmoja wa miaka 19 anayetoka ligi za vijana za Kanada. Mchezaji mmoja kwa klabu unaweza kuonekana kidogo. Lakini jiulize ni nani atakayechukuliwa. Chaguo la pili atakuwa tayari yuko NHL. Chaguo la 150 hatahitajiwa bado. Atachukuliwa yule wa nafasi ya 20 hadi 40 aliyeshawazidi vijana wenzake, yaani mchezaji wa aina ya Cowan katika msimu wake wa mwisho. Kama sheria hiyo ingekuwapo mwaka jana, Toronto wangekuwa na sababu nzuri ya kumchukua Cowan mapema, na San Jose wangekuwa na sababu hiyo kwa Dickinson mwaka huu hata kama asingekuwa tayari kwa NHL. Brzustewicz alizaliwa 2007. Msimu wa 2026-27, ambao kwa mtindo wa zamani ungekuwa msimu wake wa kutawala, ndio wa kwanza chini ya utaratibu mpya. Medvedev naye vivyo hivyo.

Kwa kijana mwenyewe huenda hii ni nafuu, na sitaki kulisahau hilo kwa sababu ya mapenzi ya timu. Mchezaji wa miaka 19 aliyeshinda kila kitu hana cha kujifunza kwa kuwafunga watoto wa miaka 16. Anahitaji wanaume wenye nguvu kama zake, na mshahara wa kweli. Wakosoaji wamelisema hili kwa miaka mingi, na nadhani wako sahihi.

Vyuo vikuu vya Marekani pia vimebadilisha mchezo. Novemba 2024 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo, iliamua kwamba waliocheza ligi za vijana za Kanada wataruhusiwa kucheza vyuoni kuanzia Agosti 1, 2025. McKenna ameshahamia Penn State, na Porter Martone, chaguo la sita la 2025 aliyekuwa Brampton, amekwenda Michigan State. Mlango huu unafunguka pande zote mbili, kwa kuwa kijana wa Marekani sasa anaweza kuanza OHL bila kupoteza nafasi yake ya chuo, na jina la London linamvuta. Faida ni kuwapata wakiwa na miaka 16 na 17, hasara ni kuwapoteza wakiwa na 18 na 19. Kwa timu ambayo makombe yake yaliletwa na wa miaka 19 na 20, mizani hiyo hainifurahishi.

Kuhusu msimu huu, nawaona Knights wakifika mbali katika mtoano wa OHL, lakini Memorial Cup ya 2026, itakayochezwa Kelowna, siwapi. Safu ya mbele imepoteza mabao mengi mno kwa mpigo mmoja, na waliopanda kuziba nafasi wanahitaji mwaka mmoja zaidi. Ndiyo maana Januari, kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, itakuwa na maana kubwa kuliko matokeo ya mchezo wowote wa sasa. O'Reilly ana miaka 19 na hakuna dalili kwamba atarudi tena mwakani. Timu inayowania ubingwa sasa hivi italipa vijana na chaguo kadhaa za drafti ya OHL ili kumpata. Kumwachia itakuwa ni kukubali hadharani kwamba mabingwa hawatetei kombe, na mashabiki wanaojaza uwanja wenye viti zaidi ya 9,000 hawatapenda. Ningekuwa Mark Hunter ningemwachia, nikadai beki mmoja wa miaka 16 na chaguo za raundi ya pili, nikamwachia Medvedev lango lote, kisha nikaenda Los Angeles kuwaomba Kings, mapema na kwa heshima, wamwache Brzustewicz London mwaka mmoja zaidi.